KDS ya Katumba, PPCM ya Nyanza-Lac: hesabu ile ile, majina mawili

Na Mwandishi Wetu

ILIKUWA mwaka 2008, wiki ya kwanza ya masomo, katika shule moja ya msingi kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Burundi. Mwalimu aliandika ubaoni herufi nne, PPCM, akaweka mbele yake namba mbili, 12 na 18, kisha akageuka kututazama. Wenzangu waliinamia madaftari yao. Mimi, niliyekuwa nimeshuka kwenye lori la waliorejea miezi miwili tu kabla, nilibaki nikizikodolea macho herufi zile kama mtu aliyepewa barua isiyo yake. Karatasi yangu ilirudi tupu. Mwisho wa wiki niliambiwa nihamie darasa la tatu, nikakae na watoto wa miaka minane, na mimi nilikuwa na miaka 12.

Jibu lilikuwa 36. Nililijua tangu Katumba, wilayani Mpanda, ambako darasa la tano tulifundishwa kutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani KDS, hadi tukawa tunaulizana njiani tukienda kuchota maji. Hakuna aliyeniambia kwamba KDS ya kule na PPCM ya huku ni kitu kimoja, na Kifaransa cha kuulizia sikuwa nacho.

Simlaumu mwalimu yule. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa mwaka 2005, madarasa yakafurika, na huenda hata jina langu hakuwa amelishika. Lakini nimeamua kuandika makala haya kwa sababu nimekutana na wazazi wengi waliopitia jambo kama hilo, na kwa sababu kati ya masomo yote hesabu ndiyo ambayo mtoto hapaswi kuianza upya kila anapovuka mpaka. Namba hazina pasipoti.

Msomaji asiyejua historia hii aelezwe kidogo. Wazazi wetu waliokimbia mwaka 1972 walipewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo nchini Tanzania. Sisi tuliozaliwa kule tulisoma mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili, kama watoto wengine wa nchi ile. Ilipofika mwaka 2007 na 2008, familia ziliulizwa kama zinataka uraia wa Tanzania au kurudi. Zaidi ya watu 160,000 walichagua uraia, na makumi ya maelfu, sisi tukiwamo, tukapanda malori. Waliokimbia miaka ya 1990 na baada ya 2015 wakakaa kambini hali yao ilikuwa tofauti, kwa sababu shule za kambini zilifuata mtaala wa Burundi. Wao wanalijua neno PPCM. Hata hivyo, mpakani Mugina na Manyovu bado wapo wafanyabiashara ambao mtoto mmoja anasoma huku na mwingine kwa shangazi yake Kasulu, na jioni wanapokutana hakuna anayeweza kumsahihishia mwenzake daftari.

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe.

Kiswahili kina maneno mawili yanayotofautiana kwa herufi moja tu, na wengi huyachanganya mpaka wanazeeka: kigawo na kigawe. Lugha yenyewe inatusaidia kuyatenganisha. Kizibo ni kitu kinachoziba, kifuniko ni kitu kinachofunika, basi kigawo ni namba inayogawa. Kwa upande wa pili, kiumbe ni kitu kilichoumbwa, na kigawe ni namba inayogawiwa bila kubaki kitu. Kwa hiyo 6 ni kigawo cha 18, na 18 ni kigawe cha 6. Vigawo vya 18 unaweza kuvimaliza kwa vidole: 1, 2, 3, 6, 9 na 18. Vigawe vya 18 havina mwisho: 18, 36, 54, 72, na kuendelea hadi uchoke wewe.

Mama yangu hakusoma zaidi ya darasa la pili, lakini vigawo alivijua kuliko mimi. Akiuza maembe sokoni alikuwa na desturi ya kuyahesabu yote kabla ya kupanga hata fungu moja. Akipata 60 alifurahi. Sikuelewa kwa nini 60 impendeze kuliko 62 ambayo ni nyingi zaidi, hadi nilipojua kwamba 60 ina vigawo 12: 1, 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20, 30 na 60. Maana yake ni kwamba siku ya wateja wa senti chache anapanga mafungu 20 ya maembe matatu matatu, siku ya mnada anapanga mafungu 10 ya sita sita, na wakati wowote anaweza kuyavunja na kuyapanga upya bila embe hata moja kubaki pembeni likitia aibu. Lakini 62 inakupa mafungu ya mawili mawili, au mawili makubwa ya 31, basi.

Na akipata 61? Hapo hakuna namna. Namba 61 haigawanyiki kwa 2, wala 3, wala 5, wala 7. Ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe. Mama hakuhangaika nayo. Alichukua embe moja, akanipa mimi, akabaki na 60 zake. Miaka mingi nilidhani ni mapenzi tu. Yalikuwa mapenzi, ila yalikuwa na hesabu ndani yake, kwa sababu siku ya maembe 60 sikupata kitu.

Namba kama 61 Kiswahili kinaiita namba tasa. Neno hili lina ukali wake; mwanamke aliyewahi kuitwa hivyo na mawifi zake hawezi kulisikia darasani bila kushtuka. Aliyelichagua alitazama kwamba namba hii haitokani na namba nyingine ndogo zilizozidishwa, wala haivunjiki ikatoa vipande sawa. Wafaransa walitazama jambo lile lile wakaliita kinyume kabisa, nombre premier, namba ya kwanza. Kwa maoni yangu wote wana haki, ingawa Wafaransa wamekaribia zaidi. Namba hizi ndizo mawe ya msingi ambayo namba nyingine zote hujengwa juu yake. 12 ni 2 × 2 × 3. 18 ni 2 × 3 × 3. 60 ni 2 × 2 × 3 × 5. Huwezi kupata 60 kwa mawe mengine, hata ukeshe. Kwa hiyo zile zinazoitwa tasa ndizo zilizozaa ukoo mzima.

Watoto huuliza kama 1 ni tasa. Siyo. Namba tasa lazima iwe na vigawo viwili, na 1 ina kimoja tu, yenyewe. Namba 2 ni tasa, tena ndiyo tasa pekee iliyo shufwa, kwani shufwa nyingine zote zinagawanyika kwa 2. Zilizobaki zote ni witiri. Waislamu wa Buyenzi na Rumonge neno hili hawahitaji kufafanuliwa; ni lile lile la swala ya witri, ambayo rakaa zake huwa 1, 3, 5 na kuendelea. Ila tahadhari: si kila witiri ni tasa. Zipo zinazodanganya kwa sura. 51 inaonekana tasa, lakini jumlisha tarakimu zake, 5 na 1, unapata 6, na 6 inagawanyika kwa 3, basi 51 nayo inagawanyika: ni 3 × 17. 57 na 87 ni hivyo hivyo. Mwongo mkubwa kuliko wote chini ya mia ni 91, ambayo ni 7 × 13, na nimeona watu wazima wakiikubali bila kuuliza.

Njia ya kuzitambua zote ni ya zamani, na mtu yeyote mwenye kijiti na udongo anaweza kuifanya. Aliyeiacha ni Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene, nchi ambayo leo ni Libya, aliyesimamia maktaba ya Alexandria huko Misri miaka ipatayo 2,200 iliyopita. Inaitwa chekeche lake, na kweli inafanya kazi kama chekeche la unga. Andika namba 1 hadi 100. Futa 1. Iache 2, lakini futa vigawe vyake vyote: 4, 6, 8 na kuendelea. Iache 3, futa vigawe vyake. 4 imeshaondoka, nenda 5, kisha 7. Hapo simama. Huna haja ya kufika 11, kwa sababu 11 × 11 ni 121, imevuka mia, na vigawe vyake vya chini vimeshafutwa na namba ndogo. Zilizobaki kwenye chekeche ni 25: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53, 59, 61, 67, 71, 73, 79, 83, 89 na 97. Nimewahi kuifanya na watoto wa jirani kwa mkaa juu ya kiroba, ikachukua robo saa na hakuna aliyesinzia.

Mfanyabiashara atauliza: KDS na KKS zinanisaidia nini? Anazitumia tayari, bila kuziita jina.

KKS ni Kigawo Kikubwa cha Shirika, namba kubwa kuliko zote inayozigawa namba mbili bila baki. Tuseme umevusha pakiti 84 za chumvi na miche 60 ya sabuni, unataka kufunga vifurushi vinavyofanana vya kuuza vijijini, na hutaki kibaki kitu. Vifurushi vingi kabisa unavyoweza kufunga ni 12, kila kimoja chumvi 7 na sabuni 5, kwa sababu 12 ndiyo KKS ya 84 na 60. Sasa tuseme pakiti moja imepasuka ndani ya lori, zimebaki 83. Namba 83 ni tasa. KKS yake na 60 ni 1, na mpango wote umeharibika kwa pakiti moja. Mwenye akili hakai kulia. Anatoa pakiti 3 za kupeleka nyumbani, anabaki na 80 na 60, ambazo KKS yake ni 20, anafunga vifurushi 20 vya chumvi 4 na sabuni 3. Vifurushi ni vidogo, ila vimeongezeka vinane, na huko vijijini kidogo ndicho kinachonunulika.

KDS ni ya kalenda. Ikiwa lori la chumvi hufika kila siku 6 na mkamuaji wako wa mawese huwa na madumu tayari kila siku 8, na leo vyote vimekutana, vitakutana tena baada ya siku 24, si 48 kama wanavyokisia wale wanaozidisha moja kwa moja. Lori likibadilisha ratiba likawa la kila siku 7, basi subiri siku 56, maana 7 na 8 hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1. Tofauti ya siku moja kwenye ratiba imekuongezea siku 32 za kungoja. Mwenye mkopo wa kulipa anaelewa uzito wake.

Hata upatu ni hesabu hii hii. Upatu wa mama ulikuwa na wanachama 12 na kila wiki walipokea wawili, mzunguko ukaisha kwa wiki 6. Alipokuja mama mwingine kuomba kuingia, walimwambia atafute mwenzake kwanza. Alikasirika akidhani wanambagua. Ukweli ni kwamba watu 13 hawagawanyiki wawili wawili, wala watatu watatu, wala kwa namna yoyote isipokuwa mmoja mmoja, na hakuna aliyekuwa tayari kungoja wiki 13. Alimleta dada yake, wakawa 14, wiki 7, mambo yakaendelea.

Kwa kifupi nitaje pia benki na intaneti. Mwaka 1977 wataalamu watatu wa chuo cha MIT, Marekani, Rivest, Shamir na Adleman, walibuni njia ya kuficha ujumbe kwa kutumia namba tasa mbili kubwa zilizozidishwa. Kuzidisha 59 kwa 83 upate 4,897 ni kazi ya dakika moja. Mpe mtu 4,897 peke yake umwambie atafute zilizotoka wapi, atatoka jasho. Weka mahali pake namba zenye mamia ya tarakimu, na hata kompyuta zinatoka jasho.

Nirudi darasani. Ugumu wa mtoto aliyerejea haukuwa jina tu, bali pia namna ya kuandika kazi. Katumba tulipanga namba zote mbili pamoja, 12 na 18 upande kwa upande, tukapiga mstari wa wima, na kushoto tukaweka namba tasa za kugawia, mbili, mbili, tatu, tatu, tukishuka kama ngazi hadi zote ziwe 1. Kisha tukazidisha za kushoto, 36. Nilichokikuta huku ni kwamba kila namba huvunjwa peke yake upande wake, kisha unachagua: mbili zimetokea mara mbili kwa 12, tatu zimetokea mara mbili kwa 18, chukua zilizo nyingi, 2 × 2 × 3 × 3, 36. Anayesahihisha kwa haraka akiona ngazi isiyo ya kwake anaweza kuweka mkasi wa wino mwekundu hata kabla ya kufika kwenye jibu.

Mzazi akipenda aandike haya nyuma ya daftari la mtoto. Kigawo ni diviseur. Kigawe ni multiple. Namba tasa ni nombre premier. Shufwa ni pair, witiri ni impair. KKS ni PGCD. KDS ni PPCM. Na kuna njia ya mtoto kujisahihisha mwenyewe kwa lugha yoyote: KDS ukizidisha na KKS, lazima upate jibu lile lile la namba zenyewe zikizidishwa. KDS ya 12 na 18 ni 36, KKS ni 6, na 36 × 6 ni 216, sawa na 12 × 18. Isipolingana, kuna kosa mahali.

Aliyenifungulia mimi hakuwa mwalimu. Alikuwa mzee mmoja muuza mawese aliyekaa jirani na meza ya mama sokoni, aliyesoma kwa Kifaransa ujanani. Nilikuwa darasa la nne wakati huo. Siku hiyo nilimwuliza, "Babu, PPCM ni nini?" Akachukua kipande cha mkaa, akaandika kwenye ubavu wa dumu la lita 20: plus petit, commun, multiple. Akanifafanulia neno moja moja. Kidogo kuliko vyote. Cha shirika. Kigawe. Nilisoma kutoka mwisho kurudi mwanzo, na pale juu ya dumu nikaiona KDS yangu imekaa imegeuka kichwa chini. Nilimwambia jibu la 12 na 18 kabla hajaniuliza. Alicheka, akanipa 8 na 14, nikamwambia 56.

Wapo wanaodhani kwamba hesabu za aina hii tuliletewa na meli. Jirani zetu wa Congo wana jambo la kusema. Mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua Ishango, mahali ambapo mto Semliki unatoka Ziwa Edward, mfupa mdogo uliochanjwa mistari mingi iliyopangwa kwa mafungu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka ipatayo 20,000. Safu moja ina mafungu ya mistari 11, 13, 17 na 19, ambazo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Safu nyingine ina 9, 19, 21 na 11. Jumlisha safu ya kwanza unapata 60. Jumlisha ya pili, 60. Safu ya tatu jumla yake ni 48. Zote ni vigawe vya 12.

Wataalamu wamebishana sana juu ya mfupa huu. Wengine wanasema ni kalenda ya mwezi, wengine wanasema ni hesabu tu ya vitu, na wengi hawakubali kwamba watu wale walijua namba tasa, kwa kuwa namba tasa huwezi kuijua bila kujua kugawanya. Nami naona tusikimbilie kujisifu. 9 na 21 za safu ya pili si tasa. Lakini mtu alikaa kando ya ziwa lile akahesabu hadi 60 mara mbili bila kukosea, na sioni kama alifanya hivyo kwa kucheza. Mfupa wenyewe uko Brussels. Wenyewe haujarejea.

Mwezi uliopita nilipita soko la Nyanza-Lac jioni. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi chini anapanga maembe kwenye gunia, matano matano, midomo ikicheza bila sauti. Alipomaliza fungu la mwisho likabaki moja mkononi. Hakulitazama. Alilinyoosha nyuma ya mgongo, na binti yake aliyeketi pale akiwa na daftari magotini akalipokea kama kitu alichokuwa akikingojea.